UCHANGANUZI: Kubomoa timu ni kazi ya siku moja, kuijenga ni kazi ya miaka

MNAMO mwaka wa 2021, matingatinga yaliingia mtaa wa Buxton, karibu na daraja la Nyali katika kisiwa cha Mombasa, yakaangusha nyumba za kupangisha zilizojengwa enzi za ukoloni. Wapangaji wapatao 500 walikuwa wametengewa Sh240,000 kila mmoja ili wajitafutie makao mengine wakati majumba mapya ya ghorofa yakijengwa. Mradi huo wa serikali ya kaunti na kampuni ya Gulf Cap Africa ulizua kesi na mabishano makali, lakini walioupanga walikuwa wamekata shauri kuhusu jambo moja: kilichochakaa kisitiwe viraka, kibomolewe chote.

Swali la viraka au kubomoa linawagawanya pia wapenzi wa kandanda wa mji huo kila klabu ya Bandari inapofunga msimu mikono mitupu. Timu hiyo inayomilikiwa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya (KPA) ilitwaa Ngao ya SportPesa mwaka wa 2019. Hadi msimu wa 2024/2025 ulipokamilika, haikuwa imeongeza taji jingine la kitaifa kabatini mwake.

Kwa klabu yenye mwajiri mkubwa kuliko wote Pwani, mashabiki wengi wanaona hilo ni kushindwa. Kinachobishaniwa ni tiba. Wapo wanaotaka kikosi kizima kivunjwe na kuanza upya na vijana wa nyumbani. Wapo wanaotaka wachezaji waliokomaa wanunuliwe mara moja, kutoka Uganda, Kongo au Nairobi, ili ushindi upatikane msimu huu. Na kati ya makundi hayo mawili, kila mara anayelipa gharama ni kocha.

KIU YA MIAKA 60

Hasira za mashabiki wa Mombasa zina historia. Klabu ya Feisal ya mji huo ilinyakua ubingwa wa ligi ya taifa mwaka wa 1965, miaka miwili tu baada ya ligi hiyo kuasisiwa. Tangu hapo hakuna timu ya Pwani iliyowahi kuurejesha. Ubingwa umekwenda Nairobi mara nyingi, umekwenda Nakuru, umekwenda Naivasha kupitia Oserian mwaka wa 2001 na 2002, na hata Awendo kupitia SoNy Sugar mwaka wa 2006. Haujateremka tena hadi baharini.

Si kwamba Pwani ilikosa wachezaji. Mahmoud Abbas, kipa aliyebandikwa lakabu ya ‘Kenya One’, ni mtoto wa Mombasa. Hata hivyo, jina lake lilivuma akiwa langoni mwa AFC Leopards ya Nairobi na mwa Harambee Stars iliyonyakua Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, mwaka wa 1981, 1982 na 1983. Mkondo huo haujabadilika. Kijana akionyesha kipaji, hupanda gari au garimoshi kwenda bara, na mashabiki wa kwao humfuatilia kwenye redio.

Klabu nyingine za Mombasa zilizowahi kufika ligi kuu, kama vile Coast Stars na Congo JMJ United, zilipanda zikadidimia. Bandari yenyewe ilirejea ligi kuu kuanzia msimu wa 2013 baada ya kutamba katika ligi ya daraja la chini mwaka uliotangulia. Ndiyo iliyobaki ikibeba bendera ya mkoa mzima, na kwa hiyo kila uamuzi wa ofisi yake hupimwa kana kwamba ni uamuzi wa Pwani nzima.

SOMO LA HOUSTON

Wanaotaka kikosi kivunjwe chote wana mfano mkubwa wa kutegemea, ingawa unatoka katika mchezo ambao Wakenya wengi hawaufuatilii. Ni besiboli ya Marekani. Mchezo huo si mgeni kabisa Afrika Mashariki, kwani mwaka wa 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto yanayoandaliwa Williamsport, Pennsylvania.

Katika besiboli, mwenye sauti ya mwisho juu ya usajili ni afisa anayeitwa meneja mkuu. Kocha hupanga kikosi cha siku. Meneja mkuu hupanga kikosi cha miaka mitano ijayo. Timu ikishindwa mfululizo, mjadala wa mashabiki humwelekea yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwishoni mwa mwaka wa 2011, klabu ya Houston Astros ilimkabidhi Jeff Luhnow kazi hiyo. Timu ilikuwa imetoka kupoteza mechi 106 kati ya 162 za msimu. Luhnow hakuahidi nafuu ya haraka. Aliwauza au kuwaachilia wachezaji wenye mishahara minono, akawekeza katika chipukizi na katika wataalamu wa kuchambua takwimu. Mwaka wa 2012 timu ikapoteza mechi 107. Mwaka wa 2013 ikapoteza 111. Mashabiki walizomea, na wapinzani walidai kwamba klabu ilikuwa inashindwa kwa makusudi.

Mwaka wa 2017 Houston ilitawazwa bingwa wa ligi kuu ya nchi hiyo. Waliokuwa wakimcheka meneja wakaanza kumuiga, na neno ‘kujenga upya’ likawa wimbo wa kila klabu iliyoko mkiani.

Lakini hadithi hiyo ina kurasa mbili ambazo wanaoisimulia huziruka. Ukurasa wa kwanza unahusu José Altuve, mchezaji mfupi wa kimo kutoka Venezuela ambaye mwaka huo wa ubingwa ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa upande wake wa ligi. Altuve hakuletwa na mpango wa kubomoa. Klabu ilikuwa imemsajili mwaka wa 2007 kwa dola 15,000 pekee, miaka minne kabla ya Luhnow kuwasili. Busara ya meneja ilikuwa kumtambua na kumbakiza. Kinyume chake, Mark Appel, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa miongoni mwa chipukizi wote wa Marekani mwaka wa 2013, hakuichezea timu kubwa ya Houston hata mechi moja.

Ukurasa wa pili ni mchungu zaidi. Mnamo Januari 2020, uchunguzi wa ligi ulithibitisha kwamba katika msimu huo wa ubingwa timu ilitumia kamera kuiba ishara za wapinzani. Luhnow alipigwa marufuku ya mwaka mmoja na kufutwa kazi siku iyo hiyo. Klabu iliyofundishwa kwa miaka kwamba matokeo ya mwisho ndiyo kipimo cha pekee ilisahau kuweka mipaka ya njia za kuyafikia.

MKIANI KWAO, MKIANI KWETU

Hata kama Houston ingekuwa safi kama pamba, mpango wake usingehamishika kuletwa Mombasa jinsi ulivyo. Sababu ni kanuni za ligi.

Ligi kuu ya besiboli ina timu 30 na hakuna inayoshuka daraja. Anayemaliza wa mwisho hurudi mwaka ujao akiwa palepale. Isitoshe, timu hupeana zamu ya kuchagua chipukizi wapya, na kwa miaka mingi iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo iliyotangulia kuchagua. Mkiani palikuwa na zawadi. Kishawishi cha kushindwa kwa makusudi kilikuwa kikubwa hata wenye ligi wakaanzisha bahati nasibu ya nafasi za kwanza za uteuzi kuanzia mwaka wa 2023.

Katika Ligi Kuu ya Kenya yenye timu 18, mkiani hapana zawadi yoyote. Timu mbili za mwisho huteremshwa ngazi moja kwa moja, na inayozitangulia hulazimika kucheza mchujo ili iokoke. Klabu ikivunja kikosi chake na kupoteza msimu mzima kama Houston ilivyofanya, haitasubiri chipukizi wake wakomae ikiwa ligi kuu. Itawasubiri ikiwa daraja la chini, bila wafadhili, na ikitazama wachezaji wake bora wakitorokea kwingine.

Kwa hiyo kundi linalotaka kuvunja kila kitu linaomba dawa ambayo mgonjwa wake hawezi kuimeza. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Timu ya Mombasa haina budi kujengwa ikiwa bado inacheza na bado inapata pointi, kama mtu anayebadilisha mabati ya nyumba huku akiendelea kuishi ndani yake.

Lakini kundi la pili nalo, lile la kununua wakongwe kila dirisha la usajili, halina jibu bora. Mchezaji aliyekomaa hutoa huduma ya msimu mmoja au miwili, kisha pengo hurudi. Klabu hujikuta kila Januari na kila katikati ya mwaka ikinunua upya kile ilichonunua mwaka jana. Pesa hutoka, timu haibaki.

ILIPOWEZEKANA

Ushahidi wa njia ya katikati hauhitaji kutafutwa ng’ambo. Bandari yenyewe iliwahi kuipita.

Mwaka wa 2015 klabu hiyo ilitwaa Ngao ya GOtv ikiilaza Nakumatt katika fainali, ikakata tiketi ya Kombe la Mashirikisho la Afrika. Huko iliondolewa mapema na Saint Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Ilikuwa fursa nzuri ya kukata tamaa na kuvunja kikosi. Badala yake, timu iliendelea kuongezwa nguvu kidogo kidogo chini ya Paul Nkata, raia wa Uganda aliyetoka kuipa Tusker ubingwa wa mwaka wa 2016, na baadaye chini ya Bernard Mwalala, mchezaji wa zamani wa Yanga.

Matokeo yalionekana. Bandari ilimaliza ya pili katika ligi ya mwaka wa 2018, na ya pili tena katika msimu wa 2018/2019, mara zote mbili nyuma ya Gor Mahia. Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam kwa mashindano ya SportPesa, ikaichapa Simba 2-1 katika nusu fainali kabla ya kupoteza fainali 1-0 mikononi mwa Kariobangi Sharks. Miezi michache baadaye ililipa kisasi kwa kuizaba Sharks hiyo hiyo 3-1 na kubeba Ngao. Katika Kombe la Mashirikisho la msimu wa 2019/2020 iliziondoa Al Ahly Shendi ya Sudan na US Ben Guerdane ya Tunisia, ikaja kukwama mbele ya Horoya ya Guinea ikiwa hatua moja tu kabla ya makundi.

Ukikitazama kikosi hicho, hakikuwa cha vijana watupu wala cha wageni watupu. Nahodha wake, Felly Mulumba, alitoka Kongo, kama alivyotoka mshambulizi Yema Mwana. William Wadri alitoka Uganda. Pembeni yao walikuwapo wachezaji kama Abdalla Hassan na Shaban Kenga. Langoni alisimama Faruk Shikalo. Jambo lililowaunganisha ni kwamba wengi wao walikaa pamoja zaidi ya msimu mmoja. Difenda alijua kipa anapenda mpira wa namna gani. Kiungo alijua straika anakimbilia wapi kabla hajakimbia.

Kisha likaja lile ambalo huzikuta timu zote za Kenya zinapofanikiwa. Shikalo akachukuliwa na Yanga mwaka uo huo wa 2019. Kampuni ya SportPesa ikasitisha ufadhili wake humu nchini baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na ushuru, na ligi nzima ikabaki bila mdhamini mkuu. Mwalala akaondoka. Ukafuata mwaka wa Korona, kisha marufuku ya FIFA dhidi ya Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022 kutokana na mzozo wa uongozi wa shirikisho. Si haki kumlaumu mtu mmoja wa Mbaraki kwa misukosuko hiyo yote.

Hata hivyo, namna klabu ilivyoikabili ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Katika miaka michache iliyofuata, benchi lilikaliwa kwa zamu na Ken Odhiambo, Casa Mbungo wa Rwanda, Anthony Kimani na John Baraza, bila kuwataja wa muda. Kila kocha huja na macho yake. Mmoja hupenda viungo wafupi wenye kasi, mwingine hutaka mabeki warefu. Anayekuja huwaweka kando walioletwa na aliyetangulia. Baada ya makocha wanne, klabu huwa na wachezaji wa ladha nne tofauti na mishahara ya kuwalipa wote.

NANI MWENYE USUKANI?

Hapa ndipo somo la Marekani linapofaa kweli, likishavuliwa ganda lake. Kilichoifikisha Houston kileleni ni kwamba mtu mmoja alijulikana kuwa ndiye mwenye dhamana ya usajili, akapewa miaka, na akavumiliwa alipokuwa akizomewa. Kupoteza mechi 111 ilikuwa bei tu iliyolipwa njiani, tena bei ambayo ligi ya Kenya haimruhusu mtu kuilipa.

Mfano wa jirani unalithibitisha hilo vizuri zaidi. Kuanzia mwaka wa 2018 hadi 2021, Yanga ya Dar es Salaam iliwatazama mahasimu wao Simba wakitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo. Kisha Yanga nayo ikautwaa mara nne mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2025, na katikati yake ikafika fainali ya Kombe la Mashirikisho la Afrika mwaka wa 2023, ambapo ilipoteza kwa USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini.

Katika misimu hiyo minne Yanga ilifundishwa na makocha wanne: Nasreddine Nabi, Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi. Makocha walikwenda, mataji yakabaki. Yalibaki kwa sababu mkono uliosajili haukubadilika. Injinia Hersi Said alihusika na usajili akiwa upande wa wadhamini GSM, kisha akachaguliwa rais wa klabu mwezi Julai 2022. Kipa Djigui Diarra na kiungo Khalid Aucho, walioletwa mwaka wa 2021, walihudumu chini ya makocha wote hao. Beki Bakari Mwamnyeto, aliyetoka Coastal Union ya Tanga mwaka wa 2020, alipanda hadi kuwa nahodha.

Ni kweli kwamba Yanga ina utajiri wa mfadhili binafsi na mamilioni ya wafuasi. Bandari haina umati huo. Lakini ina kitu ambacho klabu nyingi za Kenya hukiota: mwajiri anayelipa mishahara. Udhaifu wake ni kwamba mwajiri huyo ni shirika la umma, na vigogo wa mashirika ya umma hubadilika kwa upepo wa siasa. Kati ya mwaka wa 2018 na 2023, KPA iliongozwa kwa zamu na Catherine Mturi-Wairi, Daniel Manduku, Rashid Salim, John Mwangemi na Kapteni William Ruto, baadhi yao wakiwa kaimu tu. Viongozi watano katika muda wa miaka mitano.

Mkurugenzi wa bandari hana lawama kwa kutofikiria kandanda kwanza. Kazi yake ni makontena na meli. Lakini timu ambayo bajeti yake na mwelekeo wake hutegemea nani anakalia kiti hicho haiwezi kupanga zaidi ya msimu mmoja. Kocha akijua hivyo, naye husajili kwa ajili ya Jumamosi ijayo. Hakuna mtu katika ngazi yote hiyo, kutoka juu hadi chini, anayelipwa ili afikirie mwaka wa tatu.

Tiba basi ingeanzia hapo. Klabu ingehitaji meneja mkuu mwenye mkataba mrefu kuliko wa kocha yeyote, mwenye mamlaka ya usajili na ya timu ya vijana, na asiyeondolewa kwa sababu tu mkurugenzi wa bandari amebadilika. Kocha angepewa haki ya kuomba mchezaji, lakini si haki ya kuvunja kikosi. Na katika kila dirisha la usajili wangeingia wachezaji watatu au wanne, si kumi na wawili.

UWANJA ULIOBOMOLEWA

Lipo jambo jingine ambalo hakuna meneja, hata awe hodari vipi, anayeweza kulitatua peke yake. Timu ya Mombasa haina uwanja wa hadhi.

Uwanja wa Manispaa, ulioko kisiwani humo humo, uliandaa mechi za robo fainali ya Kombe la CECAFA mwaka wa 2013. Katika enzi za Gavana Hassan Joho, ulifungwa na kubomolewa ili ujengwe wa kisasa. Joho alipokamilisha muhula wake wa pili mwaka wa 2022, uwanja mpya haukuwa umekamilika. Mechi za nyumbani za Bandari zikategemea uwanja mdogo wa Mbaraki unaomilikiwa na KPA. Barani, hali ilikuwa mbaya zaidi: mwaka wa 2019, timu ya Mombasa ilizikaribisha Shendi na Ben Guerdane katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka kwa mashabiki wake.

Hasara ya jambo hilo haionekani katika jedwali la ligi, lakini ni kubwa. Klabu isiyo na uwanja haiuzi tiketi. Isiyouza tiketi haina pesa zake mwenyewe, hivyo huzidi kumtegemea mwajiri. Watoto wa Majengo, Tudor na Kisauni, ambao wangeingia uwanjani na kuchagua shujaa wao, humchagua kwenye runinga, naye ni wa Manchester au Madrid. Kenya ilipoandaa kipute cha CHAN pamoja na Uganda na Tanzania mwezi Agosti 2025, mechi zote za upande wa Kenya zilichezwa Nairobi.

Zanzibar inaonyesha kwamba haikulazimika kuwa hivyo. Uwanja wa Amaan ulikarabatiwa na kufunguliwa tena Desemba 2023. Mei 2025 uliandaa mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Mashirikisho kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco, na miezi mitatu baadaye ukapokea mechi za CHAN. Kisiwa hicho hakina timu tajiri kuliko Bandari. Kilichokuwa nacho ni ujenzi ulioanza na kumalizika.

Hapa mfano wa Buxton unarudi na maana nyingine. Mtu anaweza kuupinga mradi ule au kuuunga mkono, lakini kabla ya matingatinga kuwashwa, angalau lilikuwapo swali la wakazi wataishi wapi kwa muda, na kikatajwa kiasi cha pesa. Uwanja wa Manispaa ulipobomolewa, hakuna aliyeziuliza klabu zitacheza wapi kwa miaka itakayofuata.

SUBIRA YENYE KIPIMO

Wanaodai matokeo ya haraka wana hoja moja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema neno ‘subira’ limekuwa kichaka cha wazembe. Kila uongozi ukishindwa huomba miaka mitatu zaidi.

Wana haki. Katika besiboli iyo hiyo, klabu ya Pittsburgh Pirates ilikuwa na misimu 20 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2012, ambayo kila mmoja ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Mpango mmoja wa kujenga upya ulifuatwa na mwingine, na mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa kipindi hicho alifikia umri wa kujitegemea bila kuiona timu yake ikifanya vyema. Subira isiyo na kipimo ni usingizi.

Kwa hiyo meneja anayepewa miaka anapaswa pia kupewa masharti yanayoweza kuhesabika hata pale ambapo taji halijafika. Ni vijana wangapi wa chini ya miaka 21 walicheza angalau nusu ya mechi za ligi? Ni wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza waliobaki kwa msimu wa pili na wa tatu? Mchezaji aliyenunuliwa na klabu kubwa aliingiza kiasi gani, na pesa hizo zilileta nani? Timu ilimaliza na pointi ngapi zaidi ya walioteremshwa? Maswali hayo yana majibu ya namba. Meneja anayeyakwepa aondolewe mapema. Anayeyajibu vizuri asifukuzwe kwa sababu ya sare tatu mfululizo.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa timu inayoshindwa, uamuzi mgumu ni kujua ni wapi pana ufa na ni wapi ukuta mzima umeoza. Ushahidi wa Bandari unaonyesha kwamba kikosi chenyewe mara nyingi kilikuwa na ufa tu. Kilichooza ni utaratibu wa juu yake: usajili usio na mwenyewe, mwajiri anayebadilika, na uwanja usiokwisha. Huko ndiko kunakohitaji matingatinga.

Wachezaji wa Feisal walioleta ubingwa Mombasa mwaka wa 1965 waliacha deni ambalo vizazi viwili vimeshindwa kulilipa. Kijana wa miaka 15 anayecheza mchangani kisiwani leo atakuwa na miaka 20 mwaka wa tano wa mpango wowote utakaoanza sasa. Ikiwa hautaanza, atakuwa Nairobi au Dar es Salaam, akivaa jezi ya mtu mwingine.